Ndugu wanapanda mlima, kila mtu kivyake: msemo wa Hong Kong na bei yake

Mwaka 2019 kuna msemo wa Kikantoni ulikuwa kila mahali Hong Kong, kwenye mabango, kwenye magrupu ya Telegram, kwenye vikaratasi vya rangi vilivyobandikwa kwenye kuta za njia za chini ya barabara: hing dai paa saan, gok zi nou lik. Ndugu wanapanda mlima, kila mtu ajitahidi kivyake. Watu wengi wa nje waliuchukua kama salamu ya mshikamano, yani ile umoja ni nguvu yetu ila ya Kichina, na mi naona hapo ndo walipopotea. Umoja ni nguvu inakuita uje mshikane mikono. Huu unakwambia we pita kule mi napita huku, tusizibiane njia na tusitupiane mawe tukiwa njiani. Ni mkataba wa watu ambao hawapatani na wanajua kabisa hawapatani, maana wangekuwa wanapatana wasingehangaika kuutafutia msemo.

Sisi tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wachina nao wana wa kwao, kwamba mlima mmoja haubebi chui milia wawili. Ukiuweka huu wa ndugu pembeni ya ule wa chui milia unaona ni kama unaujibu: mlima ni uleule, wapandaji ni wengi, kila mmoja anataka kufika kileleni na hamna aliyeambiwa aache kutaka. Ushindani unaachwa hai. Ndo maana naita ushirika wa bei rahisi, hauna kikao, hauna mwenyekiti, hauna sahihi ya mtu yeyote, na kwa miezi kadhaa ulifanya kazi kuliko miungano mingi yenye katiba na mihuri. Ila kuna sehemu mbili unapokwama. Moja ni pale panapokuwa na kitu cha kugawana, nyingine ni pale mwenye mlima anapoamua kuwahesabu wote kama mtu mmoja. Hong Kong ilipita kwenye zote mbili ndani ya miaka mitano.

Tuanze na walikotoka, maana bila hapo hutaelewa kwa nini watu wazima walihitaji kukumbushana kila siku kwamba ni ndugu.

Upinzani wa Hong Kong miaka ya 2010 ulikuwa vita vya panzi hasa, na kunguru alikuwa amekaa juu ya mti anasubiri. Mwaka 2010 chama cha Democratic kilikaa mezani na Ofisi ya Uhusiano, ambayo ndo mkono wa Beijing pale mjini, kujadili mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi, wakapata kidogo walichopata na wakaupigia kura mpango. Kwa wenzao ule ulikuwa usaliti, hamna jina lingine. Mwaka uliofuata wabunge wa upinzani Wong Yuk-man na Albert Chan wakaanzisha chama cha People Power, na kwenye uchaguzi wa madiwani wa Novemba 2011 wakasimamisha watu kwenye kata ambazo Democratic walikuwa wanagombea, lengo likiwa kuwakomoa tu. Deni la kura lilipwe kwa kura, ndo ilikuwa kauli yenyewe.

Alafu ikaja 2014, Harakati ya Miavuli, ya kudai wananchi wamchague wenyewe mkuu wa Hong Kong, siku 79 za kukalia barabara Admiralty, Mong Kok na Causeway Bay. Pale Admiralty kulikuwa na jukwaa kuu, lina spika, lina maiki, lina ratiba ya wazungumzaji na walinzi wa kujitolea, na hilo jukwaa likageuka adui wa watu wengi waliolala barabarani palepale. Nani kawachagua nyie? Nani kasema mnaongea kwa niaba yetu? "Vunjeni jukwaa kuu" ikawa kelele ya watu wa upande uleule. Yalipoisha bila kupata walichodai, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hong Kong wakapiga kura Februari 2015 kujitoa kwenye shirikisho la wanafunzi na vyuo vingine vikafuata. Kipindi hicho mtu usiyekubaliana naye ulikuwa unamwita gwai, mzimu, maana yake pandikizi, mamluki, mtu wa serikali aliyevaa fulana yako. Kikulacho ki nguoni mwako ilikuwa imeshakuwa sera.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watu wanaliruka na mi naona ndo mzizi wa ugomvi wote. Bunge la Hong Kong wakati ule lilikuwa na viti 70, na 35 kati ya hivyo vilijazwa na wananchi kwenye majimbo makubwa matano, kwa orodha na uwiano wa kura. Jimbo la New Territories West peke yake lilikuwa na viti 9. Kwenye mfumo wa namna hiyo huhitaji kupendwa na wengi, unaweza ukaingia bungeni na kura zisizofika asilimia 10, kwa hiyo mpinzani wako wa kweli sio mtu wa serikali, huyo ana watu wake ambao hawakupigii hata uwape nini, mpinzani wako ni yule jamaa mnayefanana mawazo, mnaongea lugha moja na mnazivizia kura zilezile. Mfumo unawalipa watu kwa kugombana na ndugu zao. Kwenye uchaguzi wa 2016 mwalimu wa sheria wa chuo kikuu, Benny Tai, alijaribu kuwaelekeza wapiga kura wagawe kura zao kwa hesabu, na siku za mwisho baadhi ya wagombea wakasimamisha kampeni ili kuwaachia wenzao. Wakongwe kama Lee Cheuk-yan na Cyd Ho wakaanguka, Nathan Law akapita akiwa na miaka 23. Mkono ulikuwa wa kuratibu ila walioumia waliona wamesukumwa.

Hao ndo watu waliokuja kuitana ndugu mwaka 2019.

Chanzo kinajulikana, muswada wa kuruhusu watuhumiwa kupelekwa China bara kushtakiwa. Juni 9 waandaaji walisema waliingia barabarani watu 1,030,000, polisi wakasema 240,000. Juni 12 mabomu ya machozi na risasi za mpira. Juni 15 mkuu wa Hong Kong, Carrie Lam, akausimamisha muswada, kesho yake waandaaji wakasema wamefika karibu milioni 2. Kufikia hapo kulikuwa na kambi mbili zinazojijua. Kuna wo lei fei, watu wa amani na busara wasiotaka fujo, hawa nitawaita wapole, na kuna yung mou, wenye helmeti na barakoa za gesi wanaosimama mstari wa mbele, hawa ni wakali. Miaka mitatu nyuma wangekuwa wanaitana mizimu. Safari hii wakawekeana miiko: usimchome mwenzako kwa polisi, usimlaumu hadharani, usikate mkeka.

Huo wa mkeka una hadithi ya zamani sana. Guan Ning na Hua Xin walikuwa marafiki, wanasoma pamoja wamekaa mkeka mmoja. Siku moja likapita gari la kifahari la mheshimiwa nje, Hua Xin akatupa kitabu akakimbia kuangalia, aliporudi akakuta mwenzie kachukua kisu kaukata mkeka katikati, kakaa kipande chake, anamwambia we sio rafiki yangu tena. Kwenye hadithi Guan Ning ndo mtu safi, mwenye msimamo, ndo mfano wa kuigwa. Mwaka 2019 vijana wakaigeuza kichwa chini miguu juu, aliyekata mkeka ndo akawa mwenye kosa, na wakaongeza la kwao kwamba hata bomu la nyuklia lilipuke sisi hatukati.

Julai 1 ndo ilikuwa mtihani. Mchana maandamano makubwa ya wapole yanapita barabarani, waandaaji walisema watu 550,000, na wakati huohuo wakali wako kwenye vioo vya bunge na mkokoteni wa chuma wanavunja. Mbunge wa upinzani Leung Yiu-chung, mzee wa watu, akasimama mbele ya mkokoteni kuwasihi, akavutwa akaangushwa chini. Usiku wakaingia. Ndani walipaka rangi, wakaharibu nembo, na kwenye nguzo moja wakaandika maneno kuiambia serikali kwamba ni nyie mliotufundisha kwamba maandamano ya amani hayasaidii. Kwenye friji la vinywaji wakaacha hela na kikaratasi, sisi sio wezi, hatuchukui bila kulipa. Ilipokaribia saa sita polisi wanakuja, wengi wakatoka, ila watu wanne wakagoma kuondoka ukumbini. Basi kundi la vijana likarudi ndani mbio, likawabeba wale wanne kwa nguvu, wanapiga kelele jat cai zau, jat cai zau, tuondoke wote. Binti mmoja aliulizwa na waandishi kama haogopi, akajibu kwamba wote wanaogopa, ila wanaogopa zaidi kesho wasiwaone hao wanne.

Na kilichofuata asubuhi ndo kikubwa kwangu kuliko vioo. Kila mtu mwenye akili alitegemea wabunge wa upinzani watoke wawalaani wale vijana ili kujisafisha, kama ambavyo siku zote inafanyika, na serikali ilikuwa inasubiri hilo. Hawakufanya hivyo. Wakatoka wakasema mwenye kosa ni Carrie Lam aliyeziba masikio watu wakiandamana kwa amani. Mzee aliyeangushwa na wale aliowaombea hakugeuka silaha ya kuwapigia, na mpasuko uliokuwa unasubiriwa haukuja.

Kuanzia hapo kazi ikajigawa yenyewe bila kikao. Muungano wa asasi, Civil Human Rights Front, wakawa watu wa vibali na maandamano makubwa. Kukawa na mfuko wa kulipa mawakili na hospitali, ule wa 612, jina la tarehe ya Juni 12. Wakali wakafanya ya kwao usiku. Septemba 1 waandamanaji walienda kuziba njia za uwanja wa ndege, treni zikasimamishwa, mabasi hamna, watu wakabaki wanatembea kwa miguu kwenye barabara kuu ya Lantau usiku, na hapo madereva wa magari binafsi wasiowajua wakaanza kumiminika kuwabeba. Kwa kificho walikuwa wanaita kuwafuata watoto shule. Yule dereva ni mpole, hajawahi kurusha hata chupa ya maji na pengine nyumbani anawasema vibaya wanaorusha, ila kaja.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba mtindo ule ulikuwa na breki, japo hakukuwa na dereva. Agosti 13 uwanja wa ndege mambo yaliharibika, ndege zimefutwa siku ya pili mfululizo, waandamanaji wakawakamata watu wawili kutoka China bara, mmoja alikuwa mwandishi wa Global Times, gazeti la chama tawala cha China, wakamfunga kwenye toroli la mizigo, picha zikazunguka dunia nzima. Kesho yake vijana wakasimama pale pale uwanjani na mabango ya kuomba radhi kwa abiria. Siku nne baadaye, Agosti 18, wapole wakapewa uwanja. Mvua inanyesha, watu wamejaa Victoria Park na barabara zinazozunguka, waandaaji wakasema milioni 1.7, na hakukuwa na bomu hata moja la machozi siku ile. Wakali walikaa pembeni. Hamna aliyewaamuru, walisoma upepo, wakaona kura za wananchi zinawaponyoka, wakarudi nyuma hatua mbili. Hapo ndo unaona kivyake haimaanishi bila kumwangalia mwenzako, mtu anapanda njia yake lakini jicho moja liko upande wa pili.

Lakini mwiko wa kutolaumiana ulikuwa na bili yake, na wale wanaousifia msemo huu huwa hawapendi kuitaja. Novemba 2019 mtu mmoja aliyekuwa anabishana na waandamanaji Ma On Shan alimwagiwa kimiminika akachomwa moto. Siku mbili baadaye Sheung Shui mzee wa miaka 70, mfanya usafi, alipigwa na tofali kichwani kwenye vurugu kati ya waandamanaji na wakazi wengine, akafa. Hapo mtu mpole wa kweli alitakiwa aseme hiki hapana, na wengi walinyamaza, au walisema kwa sauti ya chini kwanza watazame kushoto na kulia. Mi naamini ukimya ule ulikuwa kosa la kimaadili na pia la kisiasa, maana ndugu ambaye hawezi kukwambia umekosea huyo ameshakuwa mateka wako. Msemo unasema kila mtu ajitahidi kivyake, hausemi popote kwamba kila mtu afumbe macho, hilo la pili liliongezwa na woga wa kurudia 2014.

Cha ajabu wananchi hawakuwaadhibu. Novemba 24, wiki moja baada ya polisi kuzingira Chuo cha Polytechnic, ulifanyika uchaguzi wa madiwani. Waliopiga kura walikuwa asilimia 71.2, karibu watu milioni 2.94, haijawahi kutokea. Wapinzani wakachukua mabaraza 17 kati ya 18 na zaidi ya viti 380 kati ya 452. Ila ukiangalia kura zenyewe ni kama asilimia 57 kwa 41. Pengo ni kubwa, lakini sio pengo la kufuta kambi nzima. Kilichofanya viti vimiminike upande mmoja ni mfumo wa udiwani: kata moja, kiti kimoja, mwenye kura nyingi kachukua. Huo ni kinyume cha ule wa bunge. Kwenye kata wapinzani wakisimama wawili wanampa kiti mtu wa serikali, hesabu ya darasa la pili, kwa hiyo kuachiana kata likawa jambo la lazima (wasomaji wa Tanzania neno kuachiana wanalijua tangu UKAWA ya 2015, na wanajua lilivyokuwa gumu). Na viti vyenyewe 452 ni vingi, kila kundi linapata pa kusimama, na udiwani wa Hong Kong hauna mamlaka makubwa, ni mambo ya taka, mabasi na bustani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa yuko tayari kumuua ndugu yake kwa ajili ya hicho kiti. Mlima mpana, njia nyingi, zawadi ndogo. Msemo uling'aa kwa sababu mazingira yalikuwa yanaubeba.

Upande wa pili walikuwa na kila kitu ambacho hawa hawakuwa nacho. Kambi ya serikali ina chama kikubwa cha DAB, ina vyama vidogo, ina vyama vya wafanyakazi na vya watu wa mikoa waliyotoka, na juu yao iko Ofisi ya Uhusiano inayojulikana kupanga nani asimame wapi. Muungano wenye mwalimu mkuu. Miaka mingi walikuwa wanawashinda wapinzani kwa nidhamu tu, na siku ile nidhamu haikuwasaidia kitu, maana mwalimu mkuu alikuwa hasikii kinachosemwa darasani.

Sasa twende 2020, ambako ndo kwenye funzo lenyewe. Wapinzani wakapata hamu ya bunge. Lengo likawa kupita viti 35 kati ya 70, na Sheria ya Msingi ya Hong Kong inasema bunge likikataa bajeti mkuu anaweza kulivunja, na bunge jipya likikataa tena inabidi aondoke. Hiyo sio diwani wa taka tena, hicho ni kilele. Na mfumo ni uleule wa orodha unaowalipa ndugu kwa kugombana. Hapa kila mtu kivyake ni kujiua, mkisimama 15 kwenye jimbo la viti 9 mnagawana kura mpaka mnaisha. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza ilibidi wakae mezani kweli. Benny Tai na aliyekuwa mbunge, Au Nok-hin, wakaitisha vikao vya kila jimbo, wakajadili mtalenga viti vingapi, nani akishindwa ajitoe, na wakakubaliana iwepo kura ya mchujo ya wananchi.

Vikaoni ndo tofauti zote zilizokuwa zimefunikwa na msemo zikatoka nje. Tukishinda tunakataa bajeti yoyote ile hata iwe nzuri, au tunaitumia kama fimbo ya kutishia tu? Vijana wa msimamo mkali wakatoa tamko la kujifunga kwamba watakataa, wakataka kila mgombea asaini, wengine wakasaini na wengine wakakwepa. Juni 30 usiku sheria ya usalama wa taifa ikaanza kufanya kazi. Wakaendelea hivyohivyo. Julai 10 polisi walipekua ofisi ya taasisi ya kura za maoni iliyokuwa inasaidia mitambo ya kupigia kura, na Julai 11 na 12 watu zaidi ya 610,000 wakajitokeza, wanapiga foleni kwenye jua nje ya ofisi za madiwani na maduka. Wakali walifanya vizuri sana, Joshua Wong akaongoza Kowloon East, Gwyneth Ho akaongoza New Territories East, wabunge kadhaa wa vyama vya zamani wakaachwa.

Uchaguzi wenyewe haukufika. Julai 30 wagombea 12 wakaenguliwa, kesho yake Carrie Lam akaahirisha uchaguzi mwaka mzima akisema ni corona. Novemba wabunge wanne wakavuliwa ubunge, waliobaki 15 wakajiuzulu kwa pamoja. Mwanzoni mwa Januari 2021 polisi wakakamata zaidi ya watu 50 kwa asubuhi moja, na Februari 28 wakafunguliwa mashtaka 47: kula njama ya kupindua mamlaka ya dola.

Njama. Hilo ndo neno ninalotaka tukae nalo kidogo. Watu waliotumia mwaka mzima kusema hatuna kiongozi, hatuna jukwaa, kila mtu na njia yake, wakajikuta kizimbani wamehesabiwa kama kundi moja lenye mpango mmoja. Na ushahidi mkubwa haukuwa wa barabarani ambako kweli kila mtu alikuwa kivyake, ushahidi ulikuwa ni vile vikao. Sehemu pekee walipokaa chini kama muungano wa kawaida, wakagawana viti, wakajadili mkakati, ndo sehemu iliyowafunga. Vyama vya siasa kila nchi vinakaa vikao vya aina hiyo na havikamatwi, kwa hiyo ubaya hapa mi nauweka kwa sheria iliyotungwa kuufanya mlima wenyewe kuwa haramu. Lakini kimkakati kuna jambo: mtindo wa maji, yani ule wa barabarani wa kila mtu kutiririka na njia yake bila kiongozi, ulikuwa na kinga ambayo mtindo wa meza hauna, na walihama kutoka mmoja kwenda mwingine siku zilezile ambazo sheria ilikuwa inabadilika.

Na mkeka je? Mahakamani kila mtu alibaki na wakili wake na hesabu zake. 31 walikiri kosa, 16 wakakataa. Wanne wakasimama upande wa mashtaka kama mashahidi, na mmoja wao alikuwa Au Nok-hin, yule yule mratibu. Sioni raha kumhukumu mtu aliyekaa rumande muda mrefu vile bila kujua atatoka lini. Ila ukisoma mwenendo wa kesi unaona kwamba mwiko wa kutochomana ulitungwa kwa ajili ya barabara, ambako anayechoma anapata aibu mbele ya umati, na chumba cha mahabusu hakina umati.

Kesi ilisikilizwa na majaji watatu bila baraza la wazee wa mahakama. Mei 30, 2024 kati ya wale 16 waliopinga, 14 wakakutwa na hatia. Novemba 19 mwaka huohuo watu 45 wakahukumiwa, kuanzia miaka 4 na miezi 2 mpaka miaka 10 ya Benny Tai. Gwyneth Ho, aliyekataa kukiri na akabishana na majaji mwenyewe kizimbani, akapewa miaka 7. Joshua Wong aliyekiri, miaka 4 na miezi 8. Au Nok-hin na ushahidi wake wote akaondoka na miaka 6 na miezi 9, yani kuwa mratibu kulimgharimu zaidi kuliko ushirikiano wake ulivyomlipa.

Leo mlima wenyewe umebomolewa. Tangu 2021 bunge lina viti 90, vya kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi ni 20, na kila mgombea anapimwa uzalendo kwanza, Desemba ile wakajitokeza asilimia 30.2 ya wapiga kura. Madiwani wa kuchaguliwa wamebaki 88 kati ya 470. Civil Human Rights Front ilivunjika 2021, chama cha upinzani cha Civic Party 2023, na chama cha Democratic, kile cha 2010 kilichoitwa msaliti kwa kukaa meza moja na Beijing, nacho wanachama wake wakapiga kura ya kukivunja 2025. Waliokaa mezani na waliovunja vioo wote wameishia palepale, jambo ambalo linaufanya ule ugomvi wa wapole na wakali, nani alikuwa sahihi, kuwa mgumu kuamua kuliko watu wanavyotaka.

Walioachiwa ni wawili, Lawrence Lau na Lee Yue-shun. Mahakama ilisema haikuwa na uhakika kwamba hao walikuwa sehemu ya ule mpango, kwa maneno mengine ilikubali kwamba walikuwa wanapanda kivyao. Upande wa mashtaka haukufurahi, ukatangaza nia ya kukata rufaa.